UZI: Samani za mbao chumbani na unyevu wa Pwani. Tafuta maji yanakotoka kabla ya kununua vanishi

FundiMbao_Tanga (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Kila masika yakikolea simu zangu ni za aina moja: kabati limeota ukungu mgongoni, droo zimegoma, mguu wa kitanda umelainika ukichoma kwa msumari unaingia. Mimi ni seremala, nipo Tanga mjini, na siku hizi kutengeneza samani zilizoharibika kunanipa kazi zaidi kuliko kuunda mpya. Inaniuma kuona kabati la mninga safi, mbao ambayo kuipata leo ni shughuli, linatolewa uani kama kuni wakati mgonjwa alikuwa ukuta. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitaandika kirefu, mnivumilie, halafu mlete maswali.

Tuanze na mbao yenyewe. Hata ikiwa na umri wa miaka mia, mbao inavuta maji ya hewani na kuyaachia, mchana na usiku. Hewa yetu ya Pwani ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80, mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Ipeleke kwenye chumba cha asilimia 50, itashuka hadi karibu 9. Ikivuta inanenepa kwa upana, ikiachia inasinyaa. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mlango wa kabati unaogoma mwezi wa Aprili haujaharibika. Umenenepa tu. Anayekuja na randa siku hiyo akaukwangua, kiangazi atakuachia mwanya wa kupitisha kidole.

Vanishi haizuii hali hii. Inaichelewesha, na kuichelewesha ni msaada mkubwa, lakini asikudanganye mtu kwamba kuna rangi inayoifunga mbao moja kwa moja.

Sasa tutofautishe ukungu na kuoza, maana watu wanavichanganya. Ukungu ule wa kijani, mweupe au mweusi unakaa juu ya mbao, unakula vumbi, jasho na uchafu uliotuama pale. Huanza pale ambapo hewa inayogusa mbao inabaki na unyevu wa asilimia 80 kwenda juu kwa muda mrefu. Unanuka, unaharibu nguo, wenye pumu unawatesa, ila nguvu ya mbao hauigusi. Kuoza ni kuvu wengine kabisa, wanaokula mbao yenyewe, na hao wanahitaji mbao iliyolowa, zaidi ya asilimia 20. Hewa peke yake ndani ya chumba ni nadra kuifikisha mbao huko. Ukikuta mbao imeoza, jua kuna maji yanayoigusa: ukuta, sakafu, bomba, au ndoo ya deki. Chukua bisibisi, bonyeza sehemu yenye weusi. Ikigoma ni ukungu, utasafishika. Ikizama, sehemu hiyo ikatwe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi. Kuna jaribio ambalo gharama yake ni kipande cha nailoni. Chukua nailoni nzito inayoonyesha, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ibandike ukutani nyuma ya kabati kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili. Ukikuta matone katikati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji ni ya hewa. Fanya hivyo hivyo sakafuni. Tiba za pande hizi mbili ni tofauti kabisa, na watu wengi wanalipia tiba isiyo yao.

Kama ni ukuta, toka nje kwanza. Angalia kama udongo umepanda juu ya usawa wa sakafu, kama maji ya paa yanadondokea msingini, kama choo cha masta kiko upande wa pili na bomba linavuja taratibu. Nyumba zilizojengwa bila kuweka nailoni chini ya jamvi (zege la sakafu) na juu ya msingi zinanyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo mara nyingi hayapandi zaidi ya mita moja hivi. Ukiona rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno tu, ndiyo hayo. Unga mweupe unaotoka ukutani ni chumvi, hasa kwenye nyumba za matofali ya mchanga wa pwani. Umwagie tone la maji: chumvi inayeyuka, ukungu unabaki.

Kama ni hewa, kabati linahitaji nafasi ya kupumua. Lisigusane na ukuta kamwe. Sentimita 5 ni kiwango cha chini. Ukuta ukiwa wa nje, wa upande wa mvua, weka 10. Liwe na miguu, fagio lipite chini. Mgongo wa hadibodi utoboe matundu machache juu na chini, hewa izunguke. Na usilijaze nguo hadi mlango unasukumwa kwa goti.

Najua vyumba vyetu vidogo na sentimita 10 zinauma. Lakini hakuna ushauri nilionao unaozidi huo.

---

Mama_Wawili

Fundi shikamoo, ubarikiwe kwa uzi. Mimi nipo Dar, nyumba ya kupanga, chini. Kabati langu ni la MDF, limenunuliwa dukani likiwa limeshaundwa. Chini kote limevimba, lile karatasi la juu linabanduka. Ukuta ni mkavu, nimehakikisha. Niliambiwa nipake rangi. Itasaidia?

---

FundiMbao_Tanga

Marahaba mama. Kama ukuta ni mkavu na uvimbe uko chini tu, naomba nikuulize: mnapiga deki kila siku? Nadhani jibu ni ndiyo, maana nyumba nyingi za Dar zinapigwa deki asubuhi na jioni. Yale maji yanasukumwa hadi kwenye kingo za kabati, yanabaki chini yake kwa saa nyingi kwa kuwa hakuna upepo unaofika pale.

MDF na chipubodi ni unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kukandamizwa kwa mashine. Ikilowa, ule mkandamizo unaachia na ubao hauwezi kurudi ulivyokuwa, hata ukikauka. Kupaka rangi juu ya uvimbe ni kupoteza fedha. Linalowezekana ni hili: tafuta fundi alilaze kabati, akate sehemu ya chini iliyovimba, awekee msingi wa mbao ngumu, mkongo au mvule, wenye urefu wa sentimita 10 au zaidi. Kingo mpya za MDF, pale msumeno ulipopita, ndipo panapokunywa maji. Azizibe kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, zikauke, kisha apake rangi ya mafuta mara mbili.

Na deki: kamua tambara vizuri, halafu pitisha tambara kavu kuzunguka miguu ya samani zote. Hata mninga haupendi kusimama majini. Mwisho wa mguu, pale mbao ilipokatwa, kuna mishipa iliyo wazi inayovuta maji kwa kasi kubwa kuliko ubavuni. Kwa wenye vitanda vya mbao, kata soli ya kandambili kwa umbo la mguu, ipachike chini. Kabla ya kuipachika, chovya mwisho wa mguu kwenye vanishi iliyozimuliwa kwa thina, rudia hadi uone hainywi tena.

Kwa anayenunua sasa: nyumba ya chini, ya Pwani, usinunue chipubodi kwa chumba cha kulala. Nunua dogo la mbao kuliko kubwa la chipubodi. Huo ni msimamo wangu na sitabadili.

---

Kibokoni_Msa

Fundi, hapa Mombasa mamangu huweka bakuli la chumvi ndani ya kabati, wengine huweka makaa, wengine mchele. Wanasema yavuta unyevu. Ni kweli au ni dhana?

---

FundiMbao_Tanga

Kaka, chumvi inavuta kweli, lakini ni pale tu hewa inapozidi asilimia 75 hivi, na ikishavuta inageuka maji ya chumvi. Maji hayo yakimwagika kwenye rafu unapata doa lisilokauka, na bawaba zinaanza kutu. Mheshimu mama, ila mwombe bakuli hilo aliweke ndani ya sinia pana na alimwage mapema. Makaa yanasaidia harufu kuliko maji. Mchele ulioachwa wazi kabatini utakuletea wadudu kabla haujavuta chochote cha maana.

Vile vikopo vya dukani vyenye chembe nyeupe zinazogeuka maji chini, ndani yake ni kloridi ya kalsiamu. Hivyo vinafanya kazi, lakini kwa nafasi iliyofungwa tu. Kabati lenye milango inayobana, sawa. Chumba kizima chenye madirisha ya nondo na wavu, utakuwa unajaribu kukausha bahari.

Naftalini ni ya wadudu kama nondo na mende, haikaushi. Udi vilevile: unanukisha nguo vizuri, na mimi naupenda, ila kabati lenye ukungu litabaki na ukungu wenye harufu ya udi.

---

Nassor_Tz

Mbona mnazunguka? Funga kiyoyozi chumbani, mambo yamekwisha. Mimi kwangu sina shida hiyo.

---

FundiMbao_Tanga

Ndugu Nassor, kiyoyozi kinakausha hewa, hilo ni kweli. Maji yanayodondoka kwenye mpira nje ndiyo yaliyokuwa chumbani. Kinachoharibu ni namna tunavyokitumia. Hewa ya nje yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini. Wewe umelala na kiyoyozi cha nyuzi 18, ukuta na mgongo wa kabati vimepoa usiku kucha. Asubuhi unakizima na kufungua madirisha yote. Hewa ile ya nje inaingia na kulowesha kila kilichopoa. Ukungu wa vyumba vya viyoyozi mara nyingi unatokea hivyo, na mwenye nyumba anashangaa maana chumba "ni kikavu".

Weka nyuzi 25 au 26 kwa muda mrefu zaidi. Ukikizima, chumba kijipashe moto kwanza, kisha ufungue. Rimoti nyingi zina alama ya tone la maji. Hiyo ni ya kukausha, ijaribu siku za mvua.

Wasio na kiyoyozi, ambao ndio wengi wetu: fungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa juu, na feni iwake ikisukuma hewa kuelekea nyuma ya kabati. Usiku na alfajiri hewa ya nje ndiyo nzito kuliko zote. Na nguo mbichi zisianikwe chumbani. Ndoo ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono inabeba lita kadhaa za maji, na zote zinaishia hewani humo humo.

---

Binti_wa_Malindi

Assalaam aleikum nyote. Naandika kutoka Unguja, Mji Mkongwe. Naomba niongeze la kuta zetu za mawe, kwani fundi kazungumzia matofali tu.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta unavuta maji, na chokaa inayaachia yatoke. Miaka ya karibuni watu wakiona ukuta unabanduka wanapiga lipu ya saruji juu yake. Basi maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi au yanatokea upande wa pili, chumbani, nyuma ya samani. Nyumba ya jirani yetu ukuta ulikuwa ukibanduka chini tu. Baada ya saruji maji yalipanda hadi usawa wa dirisha, na samadari (kitanda cha zamani) ya marehemu bibi yao ikaota ukungu upande wote wa kichwani. Walipoibandua saruji na kurudisha chokaa, ukuta ukaanza kukauka, ijapokuwa taratibu mno.

Na mtazame vitanda vya zamani, samadari na vile vya besera (vyenye dari juu yake). Viko juu mno, vyengine hata vyataka kijingazi cha kupandia. Chini pana upepo wa kutosha. Wazee walijua nyumba zao.

---

FundiMbao_Tanga

Waaleikum salaam dada. Asante sana kwa hili, limenifurahisha. Wenye nyumba za mawe Unguja, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, msome mara mbili: ukuta wa chokaa unatibiwa kwa chokaa. Rangi ya plastiki nayo inaziba kama saruji.

Umenikumbusha kitanda. Godoro likikaa juu ya plaiwudi iliyofunika kitanda chote, jasho la usiku linashuka na kukwama pale. Inua godoro uangalie, wengi mtakuta madoa meusi. Tumia chaga, tena ziachane kwa sentimita 5 hadi 7, na godoro lisimamishwe ubavu juani mara kwa mara. Wenye plaiwudi tayari, toboeni matundu mengi. Sio kazi ya fundi, ni dreli tu.

---

Mtumishi_Dom

Mkuu, mimi kisa changu ni kinyume. Serikali ilipohamia Dodoma nasi tukahama na vyombo vyetu. Kitanda cha mtiki, kilikuwa hakina kasoro Dar. Huku kichwa cha kitanda kimepasuka mstari mrefu katikati. Fundi wa hapa anataka kujaza putii.

---

Mswahili_Muscat

Hata mimi nina shida hiyo hiyo. Nina kasha la njumu (mapambo ya shaba) la bibi yangu kutoka Zanzibar, huku Muscat viyoyozi vinawaka karibu mwaka mzima. Kifuniko kimefanya ufa na njumu zimelegea.

---

FundiMbao_Tanga

Nawajibu pamoja. Mbao zenu zilikuwa na maji ya Pwani, zimekwenda mahali pakavu, zimesinyaa. Ubao wa mtiki wa upana wa sentimita 50, uliopasuliwa kwa bapa, ukitoka asilimia 15 hadi 9 unaweza kupungua upana kwa milimita tano hivi. Ukiwa umegandishwa na kupigiliwa pande zote, hauna pa kwenda. Unapasuka.

Mtumishi, putii usijaze sasa. Acha kitanda kipite kiangazi na mvua za huko, ufa utatulia. Kisha mwambie fundi achunguze kama ubao wa kichwani umegundishwa ndani ya fremu. Kazi nzuri ni ubao kukaa kwenye mfereji bila gundi, wenyewe ukicheza. Akiufungua akaurudisha hivyo, hautapasuka tena. Ufa wenyewe ajaze kwa kipande chembamba cha mtiki huo huo, putii itadondoka.

Ndugu wa Muscat, kasha lile ni la thamani, usiruhusu mtu aligundishe kwa nguvu wala kulipiga msasa. Liondoe mbele ya pumzi ya kiyoyozi, lisipigwe na jua la dirishani, lipake nta ya nyuki ndani na nje, tabaka jembamba. Ufa mdogo kwenye kasha la umri ule ni wa kuacha. Njumu zilizolegea zikazwe na fundi wa makasha, na asitumie misumari ya chuma. Chuma kikikutana na unyevu ndani ya mbao kama mkongo au mvule kinatoa doa jeusi lisilofutika. Shaba ilichaguliwa kwa sababu.

---

Mama_Wawili

Fundi nimeelewa la deki, kumbe! Nimeshaanza na tambara kavu. Swali lingine: ukungu wenyewe unasafishwaje? Dada wa kazi alitumia jiki.

---

FundiMbao_Tanga

Jiki kwenye mbao hapana, mama. Ni maji matupu kwa sehemu kubwa, yanazama ndani yakilisha ukungu, na dawa yenyewe inabaki juu ikipausha rangi. Toa kabati nje au weka karibu na dirisha, vaa barakoa, watoto wenye kifua wasiwepo. Usiupanguse mkavu kwa brashi, unarusha vumbi lake chumba kizima. Lowesha kitambaa kwa siki nyeupe, futa, geuza kitambaa, futa tena. Baada ya saa moja futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha kikavu, halafu upepo na kivuli chenye joto. Kwenye jua kali la saa saba usilianike, litapinda. Nguo zote zifuliwe kabla ya kurudi.

---

Kibokoni_Msa

La mwisho fundi. Nataka kununua kabati jipya la mbao. Nitajuaje mbao ni kavu? Na je, nilipige klia (vanishi ya mwisho isiyo na rangi) mara moja, maana mvua zimeshaanza?

---

FundiMbao_Tanga

Fika karakana kabla halijapakwa chochote. Gusa kwa shavu: mbao mbichi ina ubaridi. Piga kwa kifundo cha kidole, kavu inalia, mbichi inabubu. Fundi mwenye kipimo cha unyevu cha sindano mbili mwambie akionyeshe. Kwa Pwani asilimia 12 hadi 15 inatosha, ikisoma 20 ondoka. Tazama pia weupe wa pembeni ya mbao. Sehemu hiyo, hata kwenye mninga au mtiki, haina kinga ya moyo wa mbao, na ndiyo bungua (wadudu watoboa mbao) wanayoanza nayo. Mtiki wa miti michanga una weupe mwingi, tunaiona hata hii ya shamba la miti la Longuza huku Muheza ikivunwa mapema. Si mbaya, ila weupe usikae miguuni wala mgongoni.

Kupaka: dai vanishi ipite kila mahali, mgongoni, chini, ndani ya droo, juu ya paa la kabati ambako hakuna anayeangalia. Ubao uliopakwa upande mmoja unavuta maji upande mwingine, unajikunja. Mafundi wengi tunapaka panapoonekana, kwa hiyo lisemwe kabla ya kukubaliana bei.

Kuhusu mvua, usipige klia sasa. Thina ikiruka kwa kasi inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua pale pale, na klia inafanya weupe kama maziwa. Acha fundi aunde, alipige sandingi sila (tabaka la kwanza la kuziba mbao kabla ya klia) siku yenye jua, likae ndani ya karakana penye upepo. Masika yakipita, Julai au Agosti, ndipo amalizie, kati ya saa tano na saa tisa mchana. Akikuharakisha ili alitoe karakana, mlipe kiasi cha kazi aliyofanya na salio libaki hadi siku hiyo.